Boga la Vuli: Mchezo wa Nyumbani Ambao Mshindi Hubaki na Deni

Ua la boga hufunguka alfajiri. Wakati waumini wanatoka msikitini na giza linaanza kukatika, ua hilo la manjano hukunjuka, na kabla ya jua kuwa kali hujifunga, wala halifunguki tena. Katika saa hizo chache huamuliwa iwapo kijiboga kilichoko chini ya ua jike kitanenepa au kitageuka manjano na kudondoka. Jambo hilo dogo ndilo msingi wa mchezo tunaoupendekeza wiki hii kwa familia za Msambweni, Diani, Matuga, Kinango na Lunga Lunga, na kwa jamaa zao walioko Likoni na Mombasa: mashindano ya nyumba moja, ya babu na nyanya, wazazi na watoto, ya kukuza boga lililo kubwa kuliko yote.

Ni mchezo wa utani, na utani ni haki ya mjukuu kwa babu yake tangu zamani. Hata hivyo una kanuni moja isiyokuwamo katika michezo mingi: anayeshinda haondoki na kitu, bali hubaki na deni. Nyama ya boga lake ni ya majirani, na mbegu zake ni za wale aliowashinda. Tutaeleza kwa nini tumeiona kanuni hiyo kuwa ndiyo moyo wa mchezo wenyewe.

Si jambo geni

Kushindana kwa mazao si jambo geni kwetu. Chama cha Kilimo cha Kenya, ASK, kimekuwepo tangu mwaka 1901, na maonyesho yake ya Mombasa katika uwanja wa Mkomani yamewafanya wazee wengi wa Pwani kubeba mikungu ya ndizi, mihogo na nazi kwenda kupimwa ubora mbele ya watu. Jirani zetu wa Tanzania nao wana Nanenane kila tarehe 8 Agosti.

Ng'ambo, mashindano ya maboga yamefika mbali zaidi. Mwaka 1904, mkulima wa Kanada aitwaye William Warnock alipeleka boga la kilo 183 kwenye maonyesho ya St. Louis, Marekani, na zaidi ya miaka 70 ikapita bila ya kupatikana wa kumshinda. Kisha akaja Howard Dill, naye ni wa Kanada, aliyechagua mbegu bora mwaka baada ya mwaka mpaka akapata aina iitwayo Atlantic Giant. Takriban maboga yote makubwa ya leo ni kizazi cha mbegu hizo. Mnamo Oktoba 2025, ndugu wawili pacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, walipima boga la kilo 1,278, uzito wa gari dogo, na likavunja rekodi ya dunia. Ndugu hao wamekuwa wakilima maboga pamoja tangu ujana wao.

Katika habari hiyo, lenye faida kwetu zaidi ya uzito ni njia iliyowafikisha huko. Wakulima hao hugawiana mbegu. Anayeshinda mwaka huu hutoa mbegu za boga lake, na mwakani huenda akashindwa na mtu aliyepanda mbegu hizohizo. Laiti kila mmoja angeficha mbegu zake, maboga ya dunia yangesimama palepale alipoyaacha Warnock.

Sisi hatuna haja ya boga la tani moja. Boga la namna hiyo hukuzwa kwa ajili ya mizani. Aghalabu huwa na maji mengi na ladha hafifu. Boga la Pwani la kilo kumi, lenye nyama ya rangi ya machungwa, likipikwa kwa tui zito na hiliki, lina heshima yake mezani ambayo mizani haiwezi kuipima.

Mzaha wenye adabu

Huenda mtu akauliza iwapo yafaa mzee mwenye mvi kushindana na kijana wa miaka tisa. Tumepokea katika hadithi zilizomo kwenye Sunan Abi Dawud kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a.), safari ya kwanza Bi Aisha akashinda, na safari nyingine, baada ya yeye kunenepa, Mtume akashinda na kumtania kuwa wamelipana. Nyumba bora kuliko zote ilikuwa na nafasi ya mchezo, na aliyeshindwa hakununa.

Boga nalo lina historia katika dini yetu. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba fundi mmoja wa kushona nguo alimwalika Mtume chakula, na Anas akamwona akizitafuta vipande vya dubbaa ukingoni mwa sahani, tangu siku hiyo Anas naye akaipenda. Dubbaa ya zama zile ilikuwa jamii ya mung'unye, kwani boga tunalolijua leo asili yake ni bara la Amerika, na liliingia katika nchi zetu baada ya karne ya 15. Kwa hiyo nyumba inayopenda kushindana kwa mung'unye badala ya boga isione haya; huenda ikawa ndiyo iliyo karibu zaidi na asili.

Juu ya hayo, Mtume ametufundisha kwamba Muislamu hapandi mti wala hapandi mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Wakazi wa Diani wanaosumbuliwa na tumbili na kima, na wale wa kando ya Shimba Hills wanaopitiwa na ndovu, huweza kutabasamu wakiisikia hadithi hiyo. Ni faraja kwa aliyeliwa boga lake. Lakini haimwondolei wajibu wa kuweka ua.

Kilicho hatarini

Tusidhani kuwa jambo lenyewe ni boga tu. Kijana wa Ukunda wa leo anaweza kufika umri wa kuoa bila ya kupanda mbegu hata moja. Kazi ziko hotelini, kwenye bodaboda na ng'ambo ya kivuko, na mboga huja sokoni kutoka Kongowea. Shamba la babu huko Msambweni hubaki na minazi iliyozeeka na mzee mmoja asiye na wa kumsikiliza. Akifariki, watoto hugawana ardhi, lakini ile elimu ya mbegu gani hustahimili jua, na ipi hutoa boga tamu, huzikwa naye.

Nyanya zetu walikausha mbegu juani, wakazichanganya na majivu ili zisibunguliwe, na kuzihifadhi ndani ya kibuyu au kuzitundika juu ya moshi wa jikoni. Mbegu hizo ndizo zilizotuvusha katika miaka ya ukame. Wengi wetu tunakumbuka namna mvua zilivyokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, Kinango na Lunga Lunga zikaumia sana, kisha mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaja kwa mafuriko. Aliyekuwa na mbegu ndani aliweza kupanda tena. Asiyekuwa nayo alingoja dukani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, imeagiza kulindwa kwa mbegu za asili. Na mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyofanya kuwa kosa kwa wakulima kugawiana na kuuziana mbegu zisizosajiliwa inakwenda kinyume cha Katiba. Lakini mahakama haiwezi kuirudisha mbegu iliyokwisha kupotea. Hilo ni jukumu la nyumba, na watoto hawahifadhi kitu wasichokuwa na sababu ya kukipenda. Mchezo ni sababu hiyo.

Kanuni za mchezo

Kila nyumba ina mila yake, ila kanuni hizi sita zitaepusha ugomvi.

Kwanza, mbegu iwe ya kienyeji, itoke kwa mzee mmoja, na wote wapate mbegu za boga moja. Mbegu chotara za dukani zaweza kuzaa vizuri, lakini mtoto wake hafanani na mama yake, na mbegu za mwakani zitamwaibisha mshindi.

Pili, kila mshindani awe na shina moja tu na shimo lake, na wote wapande siku moja. Mtoto mdogo asaidiwe kuchimba, lakini asisaidiwe kumwagilia.

Tatu, siri ni halali, udanganyifu ni haramu. Babu akikataa kusema samadi yake ni ya mbuzi gani, huo ni utani. Akimwambia mjukuu kwamba boga hupenda maji ya chumvi, huo ni uongo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitania, lakini hakusema ila kweli.

Nne, majani yanahesabika. Majani machanga ya boga ni mboga nzuri ya nazi, na kila nyumba ina mama mmoja ambaye jioni hukosa mboga na kulitazama shina la mwanawe. Majani ndiyo yanayolisha tunda; basi achume vikonyo vichache vya pembeni, tena kwa idhini ya mwenye shina.

Tano, pasiwe na dau. Kila mmoja akitoa fedha na mmoja akazichukua zote, hiyo ni kamari. Mkubwa wa nyumba akipenda kutoa, na awape zawadi watoto wote walioshiriki.

Sita, na ndiyo kuu, ni lile deni la mshindi: boga litakatwa na kugawiwa, na mbegu zitarudi kwa walioshindwa.

Wakati na namna ya kulima

Tunapendekeza msimu wa vuli, ingawa masika ina mvua nyingi zaidi, kwa sababu mbili. Boga huchukua takriban siku 100 hadi 120 tangu kupandwa hadi kukomaa. Likipandwa kati ya Oktoba na mvua za mwanzo, hutoa maua Desemba, wakati watoto wamefunga shule, na hukomaa mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Ramadhani ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza takriban tarehe 8 Februari, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi. Boga la vuli, basi, hupimwa mwishoni mwa Shaabani na kuliwa kwenye futari. Na kwa kuwa Ramadhani husogea mbele kwa siku 11 hivi kila mwaka, nyumba zitazidi kuwahisha kupanda, au siku moja zitahamia msimu mwingine.

Shimo liwe na upana wa futi mbili na kina cha futi moja na nusu. Mchanga wa Diani hauhifadhi maji. Uchanganywe na samadi ya mbuzi au ya kuku iliyokwisha kuoza, na majani makavu. Zipandwe mbegu tatu, kisha libakishwe shina lenye nguvu. Mashina yaachane hatua tatu, kwani boga hutambaa. Pale linapotambaa, vifundo vya shina vifukiwe kidogo kwa udongo. Kila kifundo hutoa mizizi mipya, na mizizi hiyo ni midomo ya ziada.

Maji ya udhu yasipotee bure. Nyumba yenye watu sita wanaotawadha mara tano kwa siku ina maji ya kutosha mashina kadhaa, endapo yatakingwa kwa karai. Tumekatazwa kufanya israfu ya maji hata tukiwa mtoni. Hapa mtoto ataiona hekima ya katazo hilo kwa macho yake.

Matunda mawili matatu yakishashika, mwenye shina achague moja na ayakate mengine. Hili ni gumu kwa watoto, na hata kwa wakubwa. Lakini shina lenye matunda matano hutoa matano madogo. Boga lililobaki liwekewe makuti makavu chini lisioze, na makuti mengine juu kama kivuli. Likiwa changa lifunikwe kwa kitambaa chepesi, maana nzi wa matunda hulitoboa na kutaga mayai ndani yake.

Kidole na nyuki

Wazee wetu husema kijiboga kichanga kisinyooshewe kidole, kitaoza. Husda ni kweli, na Mtume (s.a.w.) ametuthibitishia hivyo, kwa hiyo anayeliona boga la mwenzake na aseme mashaallah, na alimaanishe. Lakini Muislamu humfunga ngamia wake kisha akamtegemea Mwenyezi Mungu, na vijiboga vingi vinavyodondoka vina sababu nyingine: nyuki hakufika.

Shina la boga lina maua ya namna mbili. Ua dume lina kikonyo chembamba kirefu na hutangulia kuchanua. Ua jike hufuata siku kadhaa baadaye, na chini yake tayari lina kijiboga kidogo cha kijani. Unga wa manjano wa ua dume usipofika ndani ya ua jike asubuhi ileile, kijiboga hicho hufa. Mvua ya asubuhi, dawa za wadudu na kupungua kwa vichaka vyote huwapunguza nyuki.

Dawa yake ni kuamka. Baada ya swala ya Alfajiri, kunapopambazuka, mshindani achume ua dume lililofunguka, aondoe petali zake, na kuupaka unga wake taratibu katikati ya ua jike. Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Anayetaka mbegu zisizochanganyika na boga la jirani alifunge ua jike kwa uzi jioni yake kabla halijachanua, na alifunge tena baada ya kulipaka. Wazazi wanaotafuta njia ya kuwaamsha vijana kwa swala bila ya makelele huenda wakaipata hapa: ua la boga halimngojei aliyelala.

Siku ya mizani

Boga limekomaa kikonyo chake kikikauka na ngozi yake ikikataa kucha. Likatwe na kikonyo chake, maana lisilo na kikonyo huoza upesi. Siku ya kupima, mizani iazimwe kwa mwuza samaki au mwenye duka, na kabla ya yote ijaribiwe kwa pakiti ya unga ya kilo mbili, mbele ya watu. Mwenyezi Mungu ameitaja mizani katika Surat Ar-Rahman pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, na amewaonya vikali wapunjao katika Surat Al-Mutaffifin. Mtoto atakayeona babu yake akisogeza kidole chake mbali na sahani ya mizani, ingawa boga lake liko nyuma kwa robo kilo, amepata somo la biashara litakalomfaa mpaka uzeeni.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliyeshindwa na apongeze kwanza. Na ikiwa ni babu, na atoe udhuru mmoja tu.

Kisha lije deni. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, boga na mboga hazina zaka, kwa kuwa zaka ya mazao iko katika vyakula vikuu vinavyohifadhika. Lakini Surat Al-An'am imetukumbusha kuitoa haki ya mazao siku ya kuvunwa na kutofanya israfu, na mlango wa sadaka haujafungwa. Boga la kilo kumi si la nyumba moja. Likatwe vipande, na mshindi mwenyewe, si dada yake wala mama yake, avipeleke kwa majirani: kwa mjane, kwa mwalimu wa madrasa, kwa jirani asiyekuwa Muislamu, kwa yule ambaye mmenuniana tangu mwaka jana. Ukubwa wa boga ndio unaomlazimu kubisha hodi mbele zaidi.

Mwisho ni mbegu. Boga moja huwa na mbegu mamia. Zioshwe, zianikwe kivulini, na zihesabiwe mbele ya wote. Mshindi atwae kumi, na walioshindwa kila mmoja atwae kumi kabla yake. Zinazosalia zichanganywe na majivu na ziwekwe kwa nyanya, pamoja na karatasi yenye mwaka, uzito na jina la aliyelilima. Baada ya miaka kumi, karatasi hizo zitakuwa shajara ya familia, na mbegu zile zitakuwa zimelizoea shamba lenu kuliko mbegu yoyote ya dukani.

Wapo watakaosema mshindi amedhulumiwa, kwani amewapa wenzake silaha ya kumshinda mwakani. Ni kweli amewapa. Mwakani naye atakula boga lao, atapokea mbegu zao, na atakuwa na sababu ya kuamka.